Nani Alimwaga, Nani Alisema

Nyie makatekista vijana mnaokuja kunisalimia na simu mkononi, karibuni, vuteni viti. Ila msiniulize habari za semina. Mimi semina yangu ilikuwa matope. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye miteremko hii ya Usambara, kwenye kigango kimoja kule juu ya Lushoto, ambako padri alifika mara moja kwa mwezi akijaliwa, na masika yakinoga hakufika kabisa. Siku zote zilizobaki kanisa lilikuwa mimi, kipande cha reli tulichokifanya kengele, na kitabu cha sala kilicholiwa na mende pembeni.

Mnaniuliza kazi hii inataka nini, mkitegemea niseme imani. Sawa, imani inatakiwa, nani kakataa? Lakini katekista asiyeogopa simwamini hata kidogo. Mimi nimeogopa tangu siku ya kwanza. Niliogopa kukosea majina ya marehemu kwenye sala za maziko. Niliogopa Misa ilipotoka kwenye Kilatini ikaja Kiswahili, maana kwenye Kilatini nilikuwa nafunika makosa kwa sauti kubwa na hakuna aliyejua, kumbe sasa kila bibi anaelewa na ananisahihisha mlangoni. Cheka, cheka tu. Yatakukuta.

Na niliogopa wakati wa ujamaa, si kwa sababu ujamaa ulikuwa mbaya. Tulihamishwa kutoka kwenye vilima vyetu, kila mtu na kuku zake na godoro lake la majani, tukawekwa pamoja kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Kanisa letu la zamani lilibaki kule juu peke yake. Tukajenga banda jipya la miti na udongo kijijini, nikatundika kipande changu cha reli kwenye mti. Basi siku ya kwanza ya shamba la kijiji, ilipofika adhuhuri, nikagonga Malaika wa Bwana kama nilivyozoea. Kumbe watu shambani wakadhani ndiyo saa ya kutoka! Wote wakaweka majembe begani, Wakatoliki, Walutheri, Waislamu, wakaenda zao kula makande. Mwenyekiti wa kijiji akanijia amefura.

"Mwalimu, wewe unapinga maendeleo?"

Jamani, maneno hayo enzi zile hayakuwa mzaha. Nikamweleza kuwa ile ni salamu kwa Mama Maria, tunasali mara tatu kwa siku. Mwenyekiti alikuwa Mwislamu safi, mtu wa sala tano. Akanisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Basi sali, lakini mpigie Mama Maria polepole." Tangu hapo nikawa nagonga kwa kijiti.

Haya. Nimewaita niwape jambo moja, na nisipowapa leo nitakufa nalo. Linahusu ubatizo wa hatari.

Padri aliyenifundisha alikuwa mzungu mzee mwenye ndevu zilizogeuka njano kwa tumbaku. Kiswahili chake kilikuwa na miiba, lakini mafundisho yake yaliingia. Alitukusanya makatekista wa vigango vyote, akaweka boga kubwa mezani, akasema hilo ni mtoto anayekufa, mbatizeni. Ukichovya kidole tu ukapaka, anakuchapa mkono. "Mimi taka ona maji tembea!" Maji lazima yatiririke juu ya kichwa, si kulowesha nywele tu. Tukamwaga zamu kwa zamu mpaka meza ikawa kisima. Mwenzetu mmoja mtundu akauliza, "Padri, sasa boga hili tule au tulizike?" Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Alipomaliza kukohoa hakucheka tena. Akamwita mmoja amwage maji, akamwita mwingine aseme maneno. Yule akamwaga, huyu akasema vizuri kabisa: Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akatuuliza, mtoto huyu amebatizwa? Tukajibu kwa pamoja, amebatizwa. Akapiga meza, boga likaruka.

"Hapana! Bado! Mkono na mdomo, mtu mmoja!"

Akatueleza taratibu. Penye hatari ya kufa, yeyote anaweza kubatiza, mwanamume, mwanamke, hata asiye Mkristo, mradi anataka kufanya kile ambacho Kanisa linafanya. Lakini anayemwaga ndiye anayesema. Ukisema "ninakubatiza" huku mwenzako ndiye anamwaga, nani amebatiza? Hakuna. Akatuambia, mkifika nyumbani kwa watu, wakiwaambia mtoto tumeshambatiza, msiishie kusema asante Mungu. Ulizeni maswali mawili: nani alimwaga, nani alisema.

Nikayashika maswali yale kama mtu anavyoshika fimbo gizani. Miaka ikapita nikiyauliza, na kila mara jibu likawa jema, mpaka nikaanza kuyaona kama salamu tu.

Kijijini kwetu palikuwa na nyumba ya Yona. Yona alikuwa Mlutheri, fundi seremala, mtu wa maneno machache na hasira ya karibu. Mkewe Fransiska alikuwa Mkatoliki, mwanafunzi wangu wa dini tangu akiwa msichana, mwenye kichwa chepesi cha kushika sala. Ndoa yao ilisumbua watu. Upande huu wanasema watoto ni wetu, upande ule wanasema ni wetu, na mtoto mwenyewe hajapatikana. Humo ndani aliishi pia mama yake Yona, ambaye kijiji kizima tulimwita Bibi. Bibi alibatizwa na Walutheri nywele zikiwa zimeshaanza mvi, hakujua kusoma, na mbele ya mchungaji alikuwa akiinama mpaka nusu. Yeye na mkwewe walikuwa hawapatani. Si kwa kugombana, hapana. Kwa kunyamaziana, ambako ni kubaya zaidi. Nikipita pale Bibi ananisalimu "Bwana asifiwe", Fransiska anasema "Tumsifu Yesu Kristo", na mimi naitikia kote kote kama mfanyabiashara wa njugu.

Mtoto akapatikana masika, tena kabla ya wakati wake. Msichana mdogo, mdogo hasa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, mlima umemeguka na kuziba barabara ya magari, na ukungu umekaa juu ya mashamba kama maziwa yaliyomwagika. Asubuhi ile mimi nilikuwa shamba la kijiji tunapalilia viazi. Nikasikia kwamba mke wa Yona amejifungua usiku, na Yona na mama yake na jirani mmoja wameondoka kumkimbiza mtoto hospitali Lushoto kwa miguu. Nikaomba ruhusa kwa Mwenyekiti nikamsalimie mzazi.

Fransiska alikuwa amelala kitandani, ana homa, dada yake anamkanda. Asingeweza kutembea kwenye utelezi ule, kwa hiyo wamemwacha. Lakini uso wake ulikuwa umetulia. Akaniambia, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Tumembatiza. Anaitwa Maria."

Nikasema asante Mungu. Halafu, kwa mazoea tu, kabisa kwa mazoea, nikauliza, "Nani alimwaga?"

"Mama mkwe. Mimi mkono ulikataa kunyanyuka."

"Na nani alisema?"

"Mimi." Akatabasamu. "Mama alisema maneno yale ni ya wachungaji, yeye mjinga atayaharibu. Akaniambia, wewe uliyesoma sema, mimi nitamwaga. Nikayasema yote, Mwalimu, sikuruka hata moja, kama ulivyonifundisha."

Wanangu, nyie hamjui hofu. Wanawake wawili wasiosemeshana, usiku, mtoto anageuka rangi, mmoja ana mkono hana neno, mwingine ana neno hana mkono. Wakaunganisha. Ungewakuta ungesema hakuna sala nzuri kuliko hiyo duniani. Na kwa yale niliyofundishwa, mtoto hakuwa amebatizwa.

Siku hizi mapadri wanatuambia watoto wa namna hiyo tuwaweke kwenye huruma ya Mungu, na moyo wangu umepumzika. Lakini siku ile mimi sikuwa na siku hizi. Nilikuwa na katekisimu yangu ya maswali na majibu, nayo ilisema asiyebatizwa hauoni uso wa Mungu. Niliamini hivyo kama ninavyoamini jua. Kichwani nikamwona Maria yule amesimama nje ya mlango, na mama yake yuko ndani, milele, hawaonani. Niliogopa kwa ajili ya mtoto, nikaogopa kwa ajili ya mama, nikaogopa hata kumwogopa Mungu aliyeweka sheria kama ile.

Sikumwambia Fransiska kitu. Nikasema, "Pumzika, mama," nikatoka taratibu. Nilipofika nyuma ya nyumba nikakimbia.

Mwenyekiti aliniona napita, akapaza sauti, "Mwalimu, palizi!" Nikamjibu bila kusimama, "Kuna mtoto anakufa!" Nikasikia nyuma yangu, "Nenda! Nenda!"

Nikashika njia ya mkato, ile inayopita ubavuni mwa genge. Wenyeji mnaijua, mbuzi wenyewe huipita wakifikiri. Ukungu mzito, sioni chini, nasikia tu mawe ninayoyapiga teke yakianguka na yasitoe sauti ya kufika. Nimekamata majani, majani yanang'oka. Nikawa nasali Salamu Maria na kuichanganya, nasema "utuombee sisi wakosefu" kabla ya "umejaa neema", ovyo ovyo. Katikati ya njia nikakumbuka sina hata chupa ya maji. Katekista gani huyu! Nikajiambia maji nitalamba kwenye majani ya migomba ikibidi. Lakini wazo lililonikimbiza halikuwa maji. Lilikuwa hili: kila hatua ninayoweka, yule mtoto anavuta pumzi au havuti?

Niliwakuta mtoni. Mto ule kiangazi unauruka, lakini siku ile ulikuwa unanguruma, mwekundu, umechukua magogo ya daraja. Wamekwama. Yona na jirani wanakata mti waulaze. Bibi amekaa juu ya jiwe, mtoto yuko kifuani ndani ya kanga, na Bibi anampulizia pumzi usoni taratibu.

"Shikamoo, Bibi. Yu hai?"

"Marahaba. Yu hai. Kwa shida."

Nikafunua kanga. Midomo ilikuwa imeingia weusi. Kifua kinapanda, kinasimama, unangoja, unangoja, kinashuka. Nikasema, huku nahema, "Niruhusuni nimbatize."

Yona akatupa shoka. "Ameshabatizwa! Mama alimbatiza usiku. Mnataka nini tena nyie watu?"

"Haukutimia, Yona."

"Haukutimia kwa sababu mama yangu ni Mlutheri, sivyo? Ubatizo ni mmoja! Mchungaji wetu anasema ni mmoja, na hata padri wenu anasema ni mmoja. Umekimbia huku kote uje unichukulie mtoto dakika za mwisho?"

Na ilikuwa kweli, ubatizo ni mmoja, na kumrudia aliyekwisha kubatizwa ni kosa. Nilijikuta namfundisha mtu sakramenti kwa kelele za mto, nusu hanisikii. Nikasema si ulutheri, si mama, ni kwamba mkono ulikuwa wa mmoja na mdomo wa mwingine. Yona akanitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu. Alikuwa analia na hajui kwamba analia. Akasema, "Mungu wako anahesabu midomo?"

Mpaka leo swali hilo linaniamsha.

Bibi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nilimharibu?"

"Hukumharibu, Bibi. Ilibaki kidogo tu."

Yona akasimama kati yangu na mama yake. "Kama imebaki, mama ataimalizia. Wewe hutamgusa."

Basi, hapo padri wangu mzee alinisaidia kutoka kaburini. Yeyote anaweza. Nikasema, "Na iwe hivyo. Bibi, chota maji. Umwage mwenyewe, na useme mwenyewe, kwa wakati mmoja. Nikufundishe maneno."

Nilimwona Bibi anavyoyaogopa maneno yale, mwanamke aliyekuwa anainama mbele ya mchungaji asimtazame usoni. Akampa Yona mtoto, akashuka mpaka ukingoni, akachota kwa kiganja. Nikafungua kinywa nimtajie neno la kwanza, akanikatiza.

"Nyamaza. Ninayajua."

Nyamaza! Mimi! Na hapo ndipo hofu iliponikamata barabara, kwa sababu nilitambua kwamba akikosea, huenda hakuna muda wa kurudia. Yona naye akasema, "Mama, maji hayo ni baridi, yatamuua." Ni kweli, maji ya mlimani masika yanachoma kama moto. Bibi akayafumba kati ya viganja vyote viwili, akayapumulia, akayashika hivyo hivyo mpaka nikadhani amesahau. Mtoto alivuta pumzi. Tukangoja nyingine. Haikuja upesi.

"Bibi," nikasema, "sasa."

Akafungua viganja juu ya kichwa cha mtoto. "Maria, ninakubatiza," akasema, na maji yakaanza kushuka, "kwa jina la Baba, na la Mwana..." Akanyamaza. Mtoto alikuwa amefumbua macho. Bibi alikuwa hajawahi kuyaona yamefumbuka, na alisahau kila kitu, alikuwa anayatazama tu, na maji yanaisha viganjani. Nilikuwa na maneno yaliyobaki mdomoni, nimeyauma kwa meno. Nikiyasema mimi si kitu. Lazima yatoke kwake. Yona naye aliona, akanong'ona kwa Kishambaa, "Mame." Neno hilo tu, mama.

"...na la Roho Mtakatifu," akasema Bibi, na tone la mwisho likapita kwenye paji la uso na kuingia sikioni mwa mtoto. Maji yalitembea, wanangu. Niliyaona yakitembea.

Tulilaza ule mti, tukavuka tumeshikana mikono. Maria alifia ng'ambo, kwenye mpando, mabati ya mji yameshaanza kuonekana chini ya ukungu. Alikuwa amebebwa na baba yake. Yona aliendelea kutembea kwa muda, na sisi nyuma yake hatukuthubutu kumwambia asimame.

Tulirudi nyumbani. Yona hakuweza kuingia, alibaki uani anachagua mbao za sanduku, anazigonga gonga kusikiliza kama ni nzima. Tukaingia mimi na Bibi. Fransiska alimpokea mtoto wake, akamweka kifuani, akamfunika sikio lililokuwa limetokeza. Hakulia. Akanigeukia mimi.

"Mwalimu, nilikusikia unakimbia nyuma ya nyumba. Nilikosea nini?"

Ndiyo hofu niliyowaitia niwasimulie. Si ya genge, si ya mto. Mbele yangu mwanafunzi wangu amekumbatia maiti ya mwanawe, ananiuliza kama maneno yake yalikuwa bure, na mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo bila kumfundisha kwamba yanahitaji mkono. Nikimwambia kweli, namvunja. Nikimwambia uongo, siku moja atausikia kwa mwingine.

Bibi alikaa kitandani pembeni yake. Sidhani kama alikuwa amewahi kukaa kitanda kile.

"Mimi ndiye niliyekosa," akasema. "Nilimwaga nikiwa bubu. Nimerudia mtoni, nimemwaga na nimesema mwenyewe. Amebatizwa, mwanangu. Mwalimu ameona."

Fransiska akamgeukia. "Kwa hiyo maneno yangu hayakufaa kitu."

"Hayakufaa?" Bibi akamshika mkono, ule ule uliokataa kunyanyuka. "Mwalimu alitaka kunifundisha, nikamkatalia. Ndiyo hayo hayo yako niliyoyasema. Mimi mengine ningeyatoa wapi?"

Ndipo wakalia, wote wawili, wameegemeana, na mimi nikatoka nikamsaidie Yona kushika mbao.